Aliyejibu kwa Jina la Chumba cha Tatu

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Nusu ya herufi ya kwanza ya sahihi ilikuwa imeandikwa, na Inspekta, aliyekaa ng'ambo ya meza, alikuwa ameanza kufikiria chai yake, pale msichana alipoacha kuandika.

"Hii haiwezekani," alisema.

"Ipi?"

"Hapa. Palipoandikwa kwamba sensa mbili zilijibu pamoja."

Inspekta aliivuta karatasi. Yalikuwa maelezo ya kukiri kosa, yamechapwa vizuri, na ndani yake kulikuwa na maneno ya mtaalamu, Mhandisi wa ghala. Kilichobaki ni sahihi tu, na kesho asubuhi msichana apelekwe mahakamani. Kusema kweli Inspekta hakuwa ameipenda kesi hii tangu mwanzo. Ilimfikia imepikwa, imeiva, imepakuliwa, kazi yake ikawa kula tu, na mwanamke aliyekaa upelelezi miaka mingi kama yeye huona kinyaa akiletewa sahani ya namna hiyo.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mkuu wa ghala la maparachichi alikutwa amekufa ndani ya chumba cha tatu, hana jeraha hata la ukucha. Vyumba vya ghala lile hufungwa kabisa, kisha hujazwa naitrojeni ili oksijeni ipungue. Matunda yakinyimwa oksijeni hulala, hayaivi mpaka yafike sokoni. Mtu akinyimwa naye hulala, ila yeye haamki. Ndiyo maana kila chumba kina sensa ya kupima oksijeni, na kila mlango una komeo la umeme na taa. Hewa ikiwa mbovu, taa ni nyekundu na komeo halifunguki. Hewa ikiwa njema, taa ni kijani. Wapakiaji waliomwona marehemu kupitia kioo cha mlango walisema kwa kauli moja kwamba taa ilikuwa kijani. Walipofungua, wa kwanza kuingia alianguka kifudifudi, wenzake wakamvuta kwa miguu.

Aliyeandika programu ya kuzisoma sensa zile, ile ambayo mafundi huiita draiva, ndiye msichana huyu. Wenzake walimwita Nukta, kwa udogo wa umbo. Jina hilo alipewa na marehemu, ambaye alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake tumbo moja, na ndiye aliyemtafutia kazi ile. Mama yake Nukta alifika kituoni mara moja tu. Aliuliza mwili wa kaka yake utatolewa lini, akaondoka bila kumtazama mwanawe.

"Uliambiwa nini ulipokamatwa?" Inspekta aliuliza.

"Niliambiwa draiva yangu imekosea na Mjomba amekufa. Basi." Aliiweka kalamu chini. "Wiki ile kabla ya kufa aliniuliza, 'Nukta, hivi hii sensa inaweza kudanganya?' Nikacheka. Nikamwambia haiwezi, Mjomba, mimi ndiye niliyeiandikia. Ndiyo maana nilikuwa tayari kutia sahihi."

"Na sasa?"

"Sasa nasoma kwamba nilizipa sensa mbili anwani moja, zikajibu kwa pamoja, namba zikachanganyika, taa ikawa kijani. Haiwezekani, Mama. Si kwa nyaya zile."

Koplo alikuwa ameegemea mlango. Alimzidi Inspekta umri na Inspekta alimzidi cheo, na kwa sababu hiyo walielewana vizuri. Siku ya kwanza ya kesi aliambiwa draiva ndiyo iliyoua, akazunguka maegesho ya malori nusu siku akitafuta dereva wa kumhoji. Utani huo kituo kizima kilikuwa bado kinautafuna.

"Nieleze kama unamweleza Koplo," Inspekta alisema.

"Afande!" Koplo alilalamika.

Nukta alichukua kamba za viatu vyake zilizowekwa pamoja na vitu vyake mezani, akazinyoosha. "Nyaya ni mbili tu, na sensa zote zinaning'inia humo humo. Waya mmoja unatoa mapigo, kama gwaride, ili wote waende hatua moja. Wa pili unabeba maneno. Kompyuta inaita anwani, mwenye anwani anajibu, wengine wananyamaza. Sasa huu wa maneno unavutwa juu muda wote. Chukulia swichi ya springi. Usipoishika, iko juu. Sensa ikitaka kusema moja, inauachia waya. Ikitaka kusema sifuri, inauvuta chini. Hakuna sensa yenye uwezo wa kuusukuma juu."

"Nimekupata."

"Wawili wakijibu pamoja, huyu akasema moja, huyu akasema sifuri, waya utakuwa wapi?"

Ni Koplo aliyejibu. "Chini. Maana mmoja kauachia na mwingine kaukamata."

"Basi kila wakibishana, anayesikika ni wa sifuri. Namba inayotoka haiwezi kuizidi ile ndogo. Hewa ya chumba cha tatu ilikuwa mbovu, namba yake ndogo. Hata ungeichanganya na sensa kumi zilizo kwenye hewa safi, mlangoni ingesomeka ndogo vilevile. Taa ingebaki nyekundu."

Inspekta aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni. Chai ilikuwa imemtoka akilini.

"Mzee," alimwambia Koplo, "lete gari."

Ghala lilikuwa na ukumbi mrefu uliopinda mwishoni. Karakana ya mafundi ilikuwa mwanzoni, ikifuatiwa na kabati la umeme lililosimama ukutani, kisha mlango wa chumba cha tatu na wa pili. Chumba cha kwanza kilikuwa baada ya kona, kikitazamana na jukwaa la kupakilia malori, karibu na mashine za baridi zilizounguruma bila kupumzika. Inspekta, akifuatwa na Koplo na Nukta mwenye pingu, aliuzunguka ukumbi wote kwanza kabla ya kusalimia mtu. Chumba cha tatu kilikuwa wazi, kimewekewa utepe wa polisi. Chumba cha pili, taa nyekundu. Chumba cha kwanza, taa ya kijani. Jukwaani hakukuwa na lori hata moja, na feni kubwa ya juu ya mlango wa chumba cha kwanza ilikuwa imetulia, mabawa yake yamelaliwa na vumbi.

Mhandisi aliwakuta hapo. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, shati limepigwa pasi, viatu safi kwa mtu anayefanya kazi ghalani. Alimtazama Nukta, akatazama pingu, akatikisa kichwa kwa huzuni iliyopimwa vizuri.

"Pole sana, mdogo wangu," alisema. "Kila fundi hukosea. Bahati mbaya, kosa lako limegharimu roho ya mtu."

"Chumba cha kwanza kiko kijani," Inspekta alisema.

"Kinapigwa hewa safi tangu asubuhi, Mama. Tunapakia jioni."

"Ahaa. Tunaomba karakana yako kidogo. Na mpira wa naitrojeni. Na mfuko wa plastiki."

"Kwa kazi gani?"

"Kujifunza. Mimi na Koplo tumechelewa kusoma, tunataka kujifunza nyaya."

Mhandisi alicheka, lakini aliwatangulia.

Inspekta alimfungua Nukta pingu mwenyewe. Msichana alikaa mbele ya kompyuta, na mara ya kwanza tangu akamatwe, mabega yake yalishuka. Alichukua sensa mbili za kufanyia majaribio, kila moja haizidi kifungo cha koti, akazichomeka kwenye nyaya za majaribio pale mezani, akaziandikia zote mbili anwani ya chumba cha tatu. Kando yake aliweka komeo la akiba, la aina ileile ya milangoni. Sensa moja aliiacha mezani. Ya pili aliitia kwenye mfuko, Koplo akaukaza mfuko kwenye mpira na kufungulia naitrojeni taratibu.

"Sasa naziita," Nukta alisema.

Namba ilitokea. Ilikuwa ya hewa ya kawaida. Kadiri mfuko ulivyojaa ikaanza kurukaruka, ikishuka, ikipanda kidogo, ikishuka tena hadi karibu na sifuri. Komeo lililia *ta!* likajifunga. Nukta aliita tena na tena. Namba ilicheza kila namna, ila haikupanda hata mara moja juu ya ile ya mfukoni. Koplo alibadilisha, akatoa iliyokuwa mfukoni na kutia ya mezani. Komeo halikubanduka.

Inspekta alimgeukia Mhandisi. "Wewe ulitwambia zikijibu pamoja taa inakuwa kijani."

"Nilikisia." Hakupepesa macho. "Ripoti mlitaka haraka. Basi huenda sensa ya chumba cha tatu ilizimika, na draiva ikaendelea kuonyesha namba ya zamani. Hilo ni kosa la kawaida kwa waandishi wachanga."

Nukta aliitoa sensa mfukoni, akangoja komeo lifunguke, kisha akazichomoa zote mbili. Pale pale skrini ikawa nyekundu na komeo likakaza.

"Isipojibiwa, inafunga," alisema. "Niliandika hivyo kwa sababu Mjomba ndiye aliyekuwa akiingia."

Inspekta alijikuna shingoni. Jambo lilikuwa limebaki na mlango mmoja tu wa kutokea, na haukuwa mzuri.

"Kwa hiyo sensa ya kweli ilikuwa imenyamazishwa," alisema polepole, "na nyingine, iliyoko mahali penye hewa nzuri, ikawa inajibu kwa jina lake. Kisha watu walipopiga kelele na kukimbilia mwili, mtu akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Binti, sensa za akiba ziko wapi?"

"Kabatini ofisini kwa Mhandisi. Funguo anazo yeye."

Mhandisi alizitoa funguo bila kusitasita. "Chukueni tu. Hazijaguswa. Mimi niwapishe, nimpigie simu Meneja wa kampuni, ajue polisi wako hapa."

"Nenda," Inspekta alisema. "Koplo atakusindikiza. Mzee, usimwondolee macho."

"Afande, nitamganda kama kupe."

Boksi la akiba, waliloleta karakana, lilikuwa la sponji, lenye vishimo, kila kishimo na sensa yake. Kishimo kimoja kilikuwa kitupu. Nukta alikitazama akakunja uso.

"Za vyumbani nilizitoa kwenye boksi jingine. Hili lilikuwa limejaa."

"Kitupu tutakirudia. Anza na zilizopo. Utajuaje ni ipi?"

"Zikitoka kiwandani zote zina anwani moja. Mimi huipa sensa anwani ya chumba siku ya kuifunga tu. Kwa hiyo hizi zote zinatakiwa kuitika jina la kiwandani."

Alizichomeka moja moja, akiita. Ya kwanza iliitika. Ya pili iliitika. Ziliendelea kuitika, na Inspekta alikuwa ameanza kukata tamaa, akihesabu moyoni namna atakavyomweleza mkuu wake kwa nini amemtoa mahabusu kituoni kuja kuchezea vifungo vya koti. Kisha Nukta alichomeka moja, akaita, skrini ikakaa kimya.

"Imekufa?" Inspekta aliuliza.

Vidole vya Nukta viliandika anwani ya chumba cha tatu. Sensa ikajibu mara moja, kwa adabu kabisa, ikatoa namba ya hewa safi.

Inspekta alisogea karibu. Aliiinua ile sensa kwa kibano, akaigeuza huku na huku. Haikuwa na alama yoyote. Ilifanana na wenzake kama walivyofanana wao kwa wao.

"Mtu aliyeirudisha humu alikuwa na akili," alisema. "Mbona hakuifuta jina?"

"Alidhani limefutika." Nukta alikuwa ameweka mkono mdomoni. "Sensa za zamani za ghala hili, kabla sijaja, zilikuwa zikisahau jina ukizichomoa umeme. Mafundi wote wa hapa wamezoea hivyo. Unachomoa, unairudisha boksini, inakuwa mpya. Lakini hizi hazisahau. Ukiziandikia jina, zinakaa nalo mpaka uandike jingine."

"Nani mwingine hapa anajua kuandika jina?"

"Mimi. Na Mhandisi. Nilimfundisha mwenyewe."

Inspekta aliiweka sensa kwenye mfuko wa ushahidi, akaandika tarehe juu yake. Ndani alikuwa amekasirika, na hasira yake ilikuwa ya zamani, ile anayoipata kila akiona mtu mzima anamtwisha mtoto wa mwenzake maiti ya mtu aliyemuua yeye.

"Sasa sababu. Mjomba wako alikuuliza kama sensa inadanganya. Aliuliza kwa nini?"

"Kuna mpakiaji alizimia, wiki hiyo, chumba cha pili. Mhandisi alisema ni njaa. Mjomba hakuridhika. Alisema atafunga vyumba vyote mpaka vikaguliwe na watu wa nje."

"Chumba kikitaka kupakiwa, kinapigwa hewa kwa muda gani?"

"Karibu siku nzima. Malori yanasubiri nje, madereva wanatukana, Meneja anamtukana Mhandisi."

"Na sensa moja iliyofichwa penye hewa safi ingefungua mlango saa hiyo hiyo." Inspekta alitikisa kichwa. "Alikuwa akifupisha njia. Wapakiaji walikuwa wakiingia roho mkononi na hawajui. Lakini chumba cha tatu siku ile hakikuwa na lori."

"Hapana. Kilikuwa kimefungwa kwa mwezi mzima."

"Basi ile taa ya kijani haikuwa ya wapakiaji. Iliwashwa kwa ajili ya mtu mmoja."

Nukta aliinamisha kichwa juu ya kibao cha kompyuta na akalia, si kwa sauti. Inspekta alimwacha. Macho yake yalirudi kwenye boksi la sponji, kwenye kile kishimo kitupu, na hapo ndipo kitu alichokiona mchana ule na kukipita kilipomrudia.

"Binti. Chumba kikiwa kinapigwa hewa, feni ya juu ya mlango inafanya nini?"

"Inazunguka. Inapiga kelele mpaka huku."

"Ya chumba cha kwanza haizunguki."

Nukta aliinua uso uliolowa. Wote wawili waliitazama ile nafasi tupu, kisha Inspekta alikuwa ameshafika ukumbini, mbele ya kabati la umeme, mahali ambapo nyaya za sensa zote zilipita. Lilikuwa na kufuli, ila ubavuni lilikuwa na vitundu vya kupitishia hewa.

"Tazama namba!" aliita kupitia mlango uliokuwa wazi. Aliweka mdomo kwenye vitundu, akapumua ndani, pumzi ndefu ya moto, tena na tena, mpaka kizunguzungu kikamshika. Pumzi ya mtu imeshatumika. Oksijeni yake ni pungufu.

"Chumba cha pili hakijabadilika," Nukta alisema. "Cha tatu hakijabadilika. Cha kwanza..." Sauti yake ilipanda. "Cha kwanza kinashuka! Mama, unapumua ndani ya chumba cha kwanza!"

Sensa ya kishimo kile kitupu, iliyojibu kwa jina la chumba cha kwanza, ilikuwa mle kabatini, ikionja hewa ya ukumbini. Nyuma ya kona kulikuwa na chumba kilichojaa kifo, na taa ya kijani juu yake. Inspekta alinyakua redio.

"Mzee, uko wapi?"

Ilikwaruza, kisha sauti ya Koplo ikaja imechanganyika na ngurumo za mashine. "Nipo chumba cha kwanza, Afande. Mhandisi anasema kuna boksi lingine la vipuri limewekwa humu ndani, juu ya rafu. Nalichukua mara moja, nakuja."

"Usiingie! Mzee! Usiingie!"

Redio ilinguruma tu. Inspekta alirudia, akipaza sauti mpaka ikapasuka. Kuta za vyumba vile ni za chuma, na mtu akishaingia ndani redio haipiti. Kwa upande mwingine, mashine za pale jukwaani zilikuwa na kelele za kumziba mtu masikio. Ukimya ule ungeweza kuwa wa aina yoyote kati ya hizo mbili. Mpaka kwenye kona ni mbali, na kutoka kwenye kona bado. Angekimbia, angefika kuokota maiti.

"Naweza kufunga komeo kutoka hapa," Nukta alisema. Alikuwa amesimama, kidole juu ya kibao. "Lakini kama ameshaingia, nitamfungia ndani."

"Mlango unasema nini?"

"Kuna swichi kwenye fremu. Inasema mlango umefungwa. Haujafunguliwa tangu asubuhi."

"Una hakika?"

Watu wazima wote, mama yake mzazi akiwemo, walikuwa wamemwonyesha Nukta siku zote hizo kwamba kitu alichokiandika ndicho kilichoua. Inspekta aliona akilimeza hilo, kama mtu anavyomeza dawa chungu.

"Swichi ile haijachezewa na mtu," alisema. "Na draiva ni yangu."

Akabonyeza.

Hawakusikia kitu. Namba ya chumba cha kwanza ilikuwa imeanza kupanda tena kabatini, ikirudi polepole kwenye hewa safi, inatangaza usalama bila haya. Inspekta alisimama na redio sikioni. Alijikuta anamkumbuka mke wa Koplo, mwanamke mnene mcheshi aliyemletea uji yeye Inspekta alipojifungua, na akajikuta anapanga maneno ya kumwambia.

"Afande!" redio ikapasuka. "Nani huyo mwendawazimu kafunga mlango huu? Nimeukamata mkono wa kitasa, nimeuvuta, ukanikazia! Karibu uninyofoe kucha!"

Inspekta alikaa chini pale pale sakafuni, kwenye saruji ya baridi, bila kujali sketi yake ya sare. "Uko nje, Mzee?"

"Nipo nje, nimeshika kidole. Kwani ulitaka niwe wapi?"

"Mhandisi yuko wapi?"

"Huyu hapa nyuma yangu. Afande, huyu mtu anatoka jasho. Baridi yote hii, shati limelowa."

Inspekta alitazama boksi la sponji kule mezani, akatazama mfuko wa ushahidi, kisha akavuta pumzi. Alizungumza taratibu, ili kila neno lisikike na aliyesimama nyuma ya Koplo.

"Mzee, hatuna shida. Mlango tutaufungua sasa hivi. Taa ni ya rangi gani?"

"Kijani, Afande."

"Vizuri. Basi wewe baki hapo na kidole chako. Mwambie Mhandisi aingie yeye, atuletee hilo boksi."

Alimwonyesha Nukta kwa kiganja asiguse kitu, na Nukta hakugusa. Walimsikia Koplo redioni akisema jambo, mbali na kinasa sauti, kisha akilirudia kwa ukali.

"Afande," Koplo alisema mwishowe, na utani wote ulikuwa umemtoka. "Anakataa. Nimemwambia taa ni kijani, ndiyo kwanza anarudi nyuma. Ameketi chini, ameshika kichwa. Anasema humo ndani haingii mtu."

"Mfunge pingu."

Inspekta alizima redio. Alitoa mfukoni ile karatasi yenye nusu ya herufi, akaichana mara moja, akaichana tena. Alidhani msichana angefurahi, au angeomba simu ampigie mama yake. Nukta alikuwa bado anatazama skrini, mahali ambapo namba ya chumba cha kwanza ilikuwa imetulia kwenye hewa safi.

"Mjomba naye aliiona taa ya kijani," alisema. "Na alikuwa na wasiwasi tayari. Aliingia kwa sababu nilimwambia haidanganyi."